Mayungiyungi ya Mize

Kipupwe kimeondoka Konde, jana au juzi.
Hakikuaga. Nimejua kwa maji:
leo nimetia mguu birikani
na sikuruka.

Majani yako, Mize, yamelala chali,
manjano, mengine meusi kama maganda ya ndizi
yaliyosahauliwa jikoni.
Nayakata kwa kisu cha kuparia samaki,
chini kabisa, kwenye bua, kama ulivyokuwa ukifanya
nami nikikuchungulia dirishani
nikisema moyoni: mtu mzima, anacheza na matope.

Miaka kumi na tisa tuligawana mume kwa zamu,
siku mbili mbili, kama maji ya bomba.
Mengine hatukugawana.
Ua ulikuwa wangu, ua lilikuwa lako:
neno moja, ngeli mbali,
nyumba moja.

Ulipokwisha kuzikwa alikuja bwana afya,
akainama, akasema: mbu hawa. Mwageni.
Faki akanitazama.
Nikasema, samaki wamo, wanakula viluwiluwi.
Sikujua kama wamo. Nilisema tu.
Usiku nikatoka na tochi, nikawaona
watatu, wadogo kama kucha,
nikacheka peke yangu gizani
katika eda isiyokuwa eda.

Kumbe kazi yenyewe ni ya mkono.
Unauzamisha mpaka kwapani, unapapasa,
unakuta kiazi kimebanana chunguni,
kimezaa, kimezaa, hakina pa kugeukia.
Hukivuti. Unakitikisa pole pole
kama unayemwamsha mtoto kwa daku.
Kilicho laini kimeoza, kinanuka, kitupe.
Kigumu kina jicho.

Samadi ya mbuzi, kavu,
nimeifunga katika kipande cha kanga yako,
ile uliyoivaa kwa ajili yangu, najua.
Jina lake limefifia.
Siwezi tena kulisoma
wala kukasirika.
Nimeisukuma topeni, kando ya kiazi, si juu yake,
changarawe juu, samaki wasichimbue.
Na maji yawe ya mvua. Hili hukunifunza;
nimelijua baada ya kuua viwili.
Nisamehe hivyo viwili.

Vuli bado. Lakini kuna jani moja
limepanda likiwa limejikunja, jekundu,
limekwama shibiri moja chini ya uso wa maji.
Nimetia tofali chini ya chungu
nikalisogeza karibu na jua.
Sijui kama ndivyo.

Vimezidi viazi vitatu.
Faki ameuliza, hivi havina bei sokoni Wete?
Sikumjibu. Jambo hili
ni la wake wawili.

Siku zako bado nazihesabu, mwenzangu.
Kwake siendi, hata akiniita.
Nachukua kigoda, nakaa hapa ukingoni,
miguu majini,
mpaka zamu yako iishe.