Dawa ya Deni

Saa mbili kasorobo asubuhi, theluji ya Duluth haijasukumwa bado,
simu inalia. Ni yule ajiitaye Bwana Prescott,
sauti laini kama siagi iliyosahaulika mezani.
“Bi Haugen, unadaiwa dola elfu moja mia nane arobaini na sita
na senti kumi na saba.”

Hizo senti kumi na saba ndizo zilizonikera.

Mashine ya kufulia, anasema, ya duka moja huko Fargo,
mwaka ule ule Arvid wangu alipolala hospitali hadi mwisho
nami nikifua mashuka yake kwa mkono, bafuni.

Deni limeuzwa, likauzwa tena, kama koti la mtumba,
kila mnunuzi akipekua mifuko kutafuta jina.
Likaokotwa langu.

Nusura nilipe hamsini, ninunue usingizi.
Dawa ya deni ni kulipa, tumeambiwa,
lakini deni lisilo langu nalinywea dawa gani?

Mai Yer wa maktaba alinichapishia kurasa nne, hakutaka hata senti.
“Siku thelathini tangu barua yao ikufikie,” akasema. “Umebakiwa na ngapi?”
Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto.
Nne.

Niliwapikia watoto wa shule supu miaka thelathini na moja;
barua ndefu sikuzizoea. Nikaandika hivi:
*Deni hili nalipinga.
Nionyesheni mkataba wenye saini yangu.
Nionyesheni aliyeniuzia ni nani, na nyinyi mmelipataje.
Hadi hapo, msinidai.
Tena sheria hairuhusu kunipigia kabla ya saa mbili.*
Hilo la mwisho nililipigia mstari mara mbili, karatasi ikatoboka.

Posta, nikalipia rejista na ile kadi ya kijani.
Ikarudi baada ya wiki, na saini iliyopinda ya mtu nisiyemjua.
Naiweka nyuma ya kopo la kahawa.

Mkataba haukuja. Prescott naye kimya.

Sasa saa mbili kasorobo naamka mwenyewe,
naitazama simu ilivyotulia,
na siwezi kusema uongo: nyumba ni kubwa.

Jumapili ikalia. Nikashika kalamu kabla ya kuipokea.
Kumbe ni Solveig, binti yangu.
“Mama, mbona unahema?”
“Nani anauliza?” nikamjibu. “Thibitisha.”
Akacheka hadi akakohoa.