Kiwiko

Ilikaa juu ya stuli, upande wake wa kitanda,
ndogo kama redio, na bomba lake la kijivu.
Miaka sita ilimpulizia Bwanakheri hewa
koo lisimfunge usingizini.
Miaka sita nami nikalala.

Kabla yake nilikuwa mke wa treni ya mizigo.
Alikoroma hata Wapolandi wa jirani wakagonga ukuta,
kisha, na hili ndilo lililonitisha,
akanyamaza.
Nikahesabu. Kumi na saba, kumi na nane,
ndipo anashtuka kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Aprili ile Leicester ilijifungia ndani.
Gurdip, fundi wa vifaa vya hospitali,
alisimama nje ya geti na kasha la plastiki.
Za wodini hazitoshi, alisema,
hizi za nyumbani tunazigeuza.
Alieleza kwa mikono, barakoa ilimeza maneno yake:
chujio hapa, pumzi itokayo isiambukize wauguzi;
hapa tundu la oksijeni;
na kwa kuwa imezoea mtu anayejivutia mwenyewe,
tutaifundisha kutosubiri.

Bwanakheri aliifuta vumbi kwa fulana yake,
akakunja waya taratibu,
kama anayemfunga mtoto vifungo siku ya kwanza ya shule.
"Na wewe je?" nikamuuliza.
"Mimi nina kiwiko chako."

Basi nikashika zamu.
Sina kengele, sina kioo cha tarakimu,
nina kiwiko, na chai ya tangawizi iliyopoa.
Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, namdukua
ubavuni. Anavuta. Ananitukana kidogo, analala.
Ng'ambo ya mji mtu nisiyemjua
amelala chini ya pumzi ya mume wangu.
Nilikuwa nikihesabu mmoja,
ikifika alfajiri nimehesabu wawili.

Juni, Gurdip alipiga simu. Mota imeungua,
imefanya kazi kuliko ilivyoumbiwa.
Nikauliza: na aliyekuwa nayo?
Walikuwa watatu, alisema, kwa kupokezana.
Akanyamaza.
Nikajikuta nahesabu.
"Mmoja," akasema, "alishuka ngazi kwa miguu yake."

Mpya ililetwa Agosti. Haina hata mngurumo.
Bwanakheri analala kama kitabu kilichofungwa.
Kiwiko changu
bado kinaamka saa tisa.