Konzi na Ukufi

Huku Aizawl nyumba zimeng'ang'ania mteremko
kama watoto mgongoni,
na ukungu hupanda ngazi kabla ya mwuza maziwa.
Kila nikiosha mchele, chungu kisijakaa mekoni,
natoa konzi moja, naitia katika kopo la kando.
Ni mchele wa kanisa.
Jumamosi akina mama hupita na gunia.
Bibi zetu walianza hivyo, fedha hawana,
wana mpunga wa mlimani tu.

Mimi niliutoa kwa ngumi.

Nililelewa na mtu wa daftari.
Baba yangu, Hrangzuala, mkandarasi wa barabara,
aliandika kila mfuko wa saruji,
na chini ya saruji akaniandika mimi:
viatu vya shule, rupia mia mbili na kumi;
homa, sindano tatu, rupia themanini.
Nikikosea kujumlisha, konzi ya utosini.
Neno ni lilelile.
Liliniingia kichwani, likanitokea mkononi.

Nilipopokewa kwenye meza ya Bwana
nikafungua daftari langu.
Mfungo wa Jumatano, tiki. Kwaya, tiki.
Mjane wa ngazi ya chini, mzigo wa kuni, tiki.
Nilimfuata Yesu hatua ishirini nyuma
kama mdaiwa anayepita dukani
akiomba mwenye duka asigeuke.

Kisha, mwezi wa mvua, kijidudu cha majanini
kikaniuma kwapani.
Wiki tatu nililala. Sikuomba. Ulimi ulikuwa kigae.
Mama mkwe, Pi Thangkhumi,
aliniosha nywele kwenye beseni,
akaninywesha uji kijiko kwa kijiko,
akingoja koo langu likubali.
Siku ya kumi na nne nikamwuliza,
"Nani anatoa konzi?"
Akafikiri. "Hakuna. Nimesahau.
Nilikuwa nakutazama wewe."

Yeye! Mbeba gunia wa miaka thelathini!
Akanifuta kidevu kwa ncha ya shuka,
kisha, kama mtu anayetaja hali ya hewa:
"Na Mungu anakutazama. Hajauliza kopo."

Sikuona nuru. Niligeukia ukuta nikalia
kwa hasira. Tiki zote zile!
Kumbe ningelala tu, na bado nikapendwa?

Hasira ilipoa kabla ya homa.
Niliogopa kwamba nikishajua napendwa, nitalegea.
Ndipo kazi ilipoanza.

Nilimwendea Zoramchhani penye bomba la maji,
ndoo yake ikijaa, nikamwambia
ni mimi niliyelisema lile neno juu ya binti yake.
Zamani ningelizika. Zamani nilikuwa na jina la kulinda.
Kwa mjane sasa natua kuni, kisha naketi, nakula naye,
na hilo ndilo gumu, maana hupika chungu,
na hadithi zake hazina mwisho.
Kule nyuma ya gereji yuko Remsanga wa sindano,
ambaye hakuwahi kuingia katika orodha yangu.
Nilimfulia blanketi, akaliuza.
Nikamfulia jingine.
Si wema. Aliyekwisha kunyweshwa kwa kijiko
hajui tena kusimama juu ya mwenzake.

Na baba? Nimekwenda mara moja.
Macho yamefifia, bado anaandika.
Nilimkata kucha za miguu, akaniuliza bei.
"Hakuna, baba."
Akaishika kalamu muda mrefu,
hakujua aandike safu ipi.

Siku nyingine bado nahesabu. Sitaficha.
Leo asubuhi mkono uliingia kwenye mchele
ukajifunga wenyewe, desturi ya miaka.
Nikautazama.
Nikaufungua polepole, kidole kwa kidole,
ukawa ukufi.
Kiganja wazi hubeba zaidi ya ngumi,
ila nyingine humwagika kabla ya kufika kopo.
Kuku wa jirani wameshaijua saa yangu.