Kabla Ngozi Haijakauka

Mpambire, saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Ukungu umepanda kutoka kinamasini,
umevuka barabara ya Masaka bila kutazama malori,
umeingia kibandani kwa mjomba Ssenkaayi
na kuketi juu ya ngoma zote kumi na saba.

Anagonga moja. Kwa kiganja, mara moja tu.
Duuu.
"Imelewa," anasema. "Ngozi imekunywa usiku kucha.
Ngoja saa nne, jua liifunge, utasikia nyingine."
Na ngoma ni ileile:
gogo lilelile, ng'ombe yuleyule,
kamba zilezile alizozikaza kwa meno.

Nimekuja likizo na daftari kutoka Mbarara,
kurasa arobaini za milinganyo na doa la chai.
Aliuza ngoma mbili kubwa nilipe ada ya muhula;
namwambia basi zilinunua nini.

Mjomba, yako mashimo huko juu,
meusi, mazito, yasiyorudisha hata mwanga.
Mawili yakigongana huwa moja,
na hilo moja hulia.
Si kwa hewa, huko hakuna hewa;
nafasi yenyewe ndiyo ngozi.
Pigo, mvumo, kufifia, kimya.
Kwa mvumo huo twajua uzito wake
na jinsi linavyojizungusha.

Ila vitabu huliweka peke yake,
ngoma moja katika chumba kitupu.
Mimi nimelizungushia giza.
Si usiku, usiku una nyota.
Maada isiyowaka, isiyotupa kivuli,
tuijuayo kwa uzito wake tu,
kama mgeni aliyelala chumba cha pili
unayemjua kwa mlio wa kitanda.
Nikaiongeza punje kwa punje,
umeme umekatika, tochi ya simu mdomoni,
na sauti ikashuka.
Ikashuka, tena ikakawia kufa.

"Imekunywa," anasema mjomba.

Haijanywa, nataka kumsahihisha,
giza limeizunguka tu, linauvuta mvumo
unapopanda kwenda zake.
Naliacha.

"Imeshuka kiasi gani?"

Naona aibu. Kidogo mno.
Sehemu moja katika laki, labda chini ya hapo.
Masikio tuliyo nayo, yale ya leza na vioo,
hayajaweza kuisikia.

"Kidogo."
Analirudia neno kama mtu anayeonja chumvi.
"Mwaka juzi kanisa moja la Mityana
lilinirudishia ngoma kwa kidogo hicho.
Nilikaa nayo siku tatu.
Kidogo ndicho ninachouza, Nalubowa,
gogo na ngozi kila mtu anavyo.
Hao wenye vioo, waambie
waje kusikiliza asubuhi."

Anageuka kutafuta kiberiti.
Lori la ndizi linapita kuelekea Kampala,
na ngoma kumi na saba,
hakuna mkono uliozigusa,
zinaguna.