Kidole Kimoja cha Asali

Daftari la mraba, la hesabu za mwanangu;
kurasa za nyuma nimezichukua mimi.
Jumatatu: ugali wa dona, mlenda, karanga za kutwanga.
Mabega – saba. Magoti – sita.
Usingizi – mang'amung'amu.

Kitete walinipiga picha mifupa yote,
zikatoka safi kama sahani ya mgeni.
Wifi akacheka: "Huyo anaumwa kazi."
Kuna siku hata mimi nilikaribia kumwamini,
nimekaa kitandani, kitenge kimenishinda kufunga.

Dakta Rwechungura ndiye aliyeupa jina,
jina refu, lenye mikunjo kama nguo isiyopigwa pasi.
"Chakula hakiuondoi," alisema,
"ila huenda kikaushusha sauti.
Punguza sukari. Andika. Usijinyime mpaka ukakonda."

Basi chai ya vijiko vinne ikawa ya viwili,
ikawa ya kimoja,
ikawa maji ya moto yenye kumbukumbu.
Maandazi ya stesheni niliyapita
kama mtu anayenidai.
Msusa, uyoga wa masika, samaki nikimpata.
Kwenye matobolwa nilisita:
nusu bakuli, nione.

Ndipo mama mkwe, Nyamizi, akaja kutoka Sikonge
na dumu la lita tano,
asali ya mizinga ya marehemu mumewe.
Akalifungua mwenyewe. Chumba kizima kikanuka miyombo.
Utamwambiaje mama wa Kinyamwezi
kwamba asali umeiandikia mpaka?

Nikamfungulia daftari.
Herufi hazijui; namba anazijua, za mizani.
Akafuata mistari kwa kidole chenye kovu,
akasimama: saba, saba, nane.
"Hizi kilo za nini?"
"Panapouma, mama."

Alinyamaza mpaka maji yakachemkia jikoni.
Kisha akagusa shingo yake, nyuma, chini ya kilemba.
"Mimi ni hapa. Tangu tulipohamishwa vijijini.
Hakuna aliyewahi kunipimia."

Jumapili: asali, kidole kimoja,
cha kwake, kinywani mwangu.
Jumatatu: mabega – saba. Yaleyale.
Na chini yake mstari mpya, nimeupiga kwa rula:
Nyamizi. Shingo – tisa.
Amekula matobolwa, chai kavu.
Usingizi –
bado amelala, sijamwamsha nimuulize.