Zima Taa, Oddvar

Siku kumi na moja mvua ilinyesha Bergen bila kuvuta pumzi,
na asubuhi ya kumi na mbili Oddvar akanigongea mlango,
kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.
"Torunn," akasema, "limegoma."

Nilijua ni nani aliyegoma.
Mwezi Juni, katika ile wiki moja ya ukavu
ambayo mbingu huutupia mji huu kama mfupa,
alinunua Saab ya mwaka tisini na moja, paa la turubai,
rangi ya mvinyo uliosahauliwa kwenye glasi.
Mkewe Wenche akamwambia: umenunua mwavuli uliotoboka
kwa bei ya mashua.
Yeye akacheka. Jua lilikuwa bado lipo.

Mimi si fundi magari.
Miaka thelathini natengeneza viti vya madaktari wa meno.
Najua pampu, najua nyaya, nakijua kitu kinachouma
na kisichotaka kusema kinauma wapi.

Nikamhoji:
lilianza lini? Likiwa baridi au likiwa moto?
Linazunguka haliwaki, au linawaka kisha linazima?
"Linakohoa," akasema. "Linatetemeka. Halafu linanifia
pale Danmarks plass, taa ikiwa ya kijani,
na basi zima likinitazama."

Tukaanza na washukiwa wa kawaida.
Betri: volti kumi na mbili nukta sita, haina kesi.
Petroli: ipo, inanuka, inafika.
Chujio la hewa: kavu.
Nikakanyaga zulia upande wa abiria, likatoa maji chururu.
"Ndiyo hiyo!" Oddvar akaruka. "Maji!"

Maji, ndiyo. Lakini hayo yana habari nyingine:
nyuma ya kiti, tundu la kutolea maji ya turubai
lilizibwa na majani yaliyooza na tiketi ya maegesho.
Nikayavuta kwa waya wa hanga,
tundu likanywa, likacheua, likanywa tena.
Hilo halikuzimishii gari kwenye taa, nikamwambia.
Mwizi wa kuku si lazima awe mwizi wa mayai.

Akakaa juu ya ndoo.
Kisha akasema, akiiambia spana na si mimi,
kwamba tangu Juni hajalifungua paa hata mara moja,
kwamba Wenche yuko kwa dada yake Ålesund, wiki ya tatu sasa,
na hajasema anarudi lini.

Mvua ikajibu juu ya mabati.
Mimi kwa mambo hayo nina maneno machache.
"Zima taa, Oddvar."
"Taa?"
"Zima. Halafu washa gari."

Giza likatumeza pamoja na boneti iliyo wazi.
Nikachukua chupa ya Wenche ya kunyunyizia maua,
nikapuliza ukungu kidogo juu ya nyaya,
nikapuliza juu ya kofia ya distribyuta,

na hapo tukaiona:
cheche ya buluu, nyembamba, ikitambaa
mahali isipopaswa kutambaa,
ikifuata maji badala ya kwenda kwenye plagi,
kimulimuli aliyeingia nyumba isiyo yake.
Kila ilipong'aa, injini ikakohoa.

Hakuna aliyesema kitu. Ilikuwa nzuri,
Mungu anisamehe, ile kasoro ilikuwa nzuri.

Mchana tusingeuona: ufa mwembamba kuliko unywele.
Pakikauka unafumba, pakilowa unaachama.
Tukaukausha kwa mashine ya nywele,
tukauziba kwa rangi ya kucha, nyekundu,
iliyobaki kwenye kabati la bafuni kwake.
Aliipaka mwenyewe, polepole, ulimi nje,
kama mtoto anayejifunza kuandika jina.

Likawaka. Likanguruma bila kikohozi.
Kofia mpya inafika Alhamisi, kroni mia nne na kitu.
Hii itavumilia, nilimwambia, ila usiiamini sana.

Akalirudisha nyuma hadi nje ya karakana,
na palepale, mvuani, yule mwendawazimu
akafungua paa.

Nikapiga kelele: zulia!
Hakusikia. Au alisikia.