Herufi Mbili

Kibao cha barabarani kinasema ALUBIN:
herufi nyeupe, kijani nyuma, tundu la risasi kwenye B.
Baa mbili, moja imefungwa. Ghala la pamba. Mto wa mchanga.
Kijitabu cha watalii kinaeleza: neno la wenyeji wa kale,
maana yake *mahali pazuri*.
Ndivyo vijitabu vya Australia visemavyo, mji kwa mji,
kana kwamba waliotangulia hawakuwa na la kunena
ila kusifu.

Shangazi Verna Kilpatrick anacheka hadi miwani inamtoka.
"Wenyeji wa kale! Mimi nina miaka sitini na minane."

Mpima ardhi, Pettifer, alifika na farasi watatu,
mnyororo, na daftari la jalada la ngozi.
Akauliza. Akajibiwa. Mara tatu akajibiwa.
Lakini neno lilianza na ng',
hiyo hiyo, msomaji, ya ng'ombe na ya ng'ambo,
na yeye, mtu wa ng'ambo,
ulimi wake uliijua mkiani mwa neno tu, si kichwani.
Basi akaing'oa,
akaandika kilichobaki, akapiga mstari, akapanda farasi.

Ng'alubin.
Ng'alu ni maji; la, si haya ya kuonekana,
ni yale yatembeayo chini ya mchanga mto ukishakauka.
Bin: chimba papa hapa, kwa mkono.

Mwaka wa ukame halmashauri ilileta maji kwa malori,
miezi kumi na mmoja,
yakipita chini ya kibao
kilichokuwa kikiwaelekeza wakati wote
kwa kinywa kisicho na meno ya mbele.

Jumanne, shuleni, Braydon anajaribu:
*Nalubin. Galubin.*
"Rudisha ulimi nyuma," Verna asema,
"pale unapoanzia kumeza."
Watoto kumi na wanne wanameza.

Kisha anawapeleka mtoni. Braydon anachimba hadi kiwiko.
Mchanga unageuka kahawia, halafu mweusi,
halafu vidole vyake vinapata baridi.
Hasemi kitu. Verna naye hasemi.

Barua ya halmashauri imejibu:
gharama ya herufi mbili itajadiliwa bajeti ijayo.
Kwa hiyo jioni, akirudi nyumbani,
Verna hupunguza mwendo pale kwenye kibao,
hushusha kioo cha gari
na kukisomea mwanzo wake.